Kona Isiyosikia

Nilivua viatu kwa sababu ya hasira, si kwa sababu ya kazi.

Vyombo vyangu vyote vilikuwa vimenihakikishia kwamba kiwanja cha skeiti cha Mawe Matatu kiko salama. Kishikwambi kilionyesha kijani kuanzia langoni hadi kwenye bakuli kubwa, kijani kwenye rampu zote nne, kijani kwenye ngazi na vyuma vya kutelezea. Lakini kona ya kaskazini, ile iliyobanwa kati ya jabali na ukuta, ilikuwa na kijani cha kutia shaka. Miaka mitatu hakuna aliyeanguka pale. Hata mmoja. Mimi nimeolewa miaka thelathini na moja na mwanamume anayeweza kuanguka akiwa amesimama tu, kwa hiyo nawajua binadamu. Mahali ambapo watu mia mbili wanapita kila siku juu ya magurudumu, lazima mtu aanguke.

Ilikuwa saa moja asubuhi, mawe ya Mwanza yameanza kushika jua. Nikaviacha viatu langoni, chini ya kibao changu. Nakiita changu kwa sababu nilikipigania. Kilisema: SIKU 1,461 BILA MFUPA KUVUNJIKA. Kila asubuhi namba ilipanda, na kila asubuhi nilikitazama kabla ya kunywa chai. Mji mzima uliniita Mama Siku. Nilijifanya silipendi jina hilo.

Sakafu ya Mawe Matatu inasikia. Chini ya rangi yake ya kijivu kuna punje ndogo kuliko ulezi, mamilioni kwa mamilioni, zimeshikana hivi kwamba gurudumu linapita juu yake kama juu ya zege. Katikati ya punje zimepitishwa nyuzi zinazosoma uzito wa mtu, mwendo wake na namna anavyoyumba. Nyuzi zikigundua kwamba mtu anakwenda chini, punje zinaachiana kwa robo ya sekunde. Unaangukia kitu laini kama unga wa chapati uliokandwa vizuri. Unainuka, unajipangusa, na sakafu inarudi kuwa ngumu nyuma yako. Hesabu inayoamua nani anaanguka na nani anacheza tu niliiandika mimi, Nyamizi, kwenye meza ya jikoni kwangu: uwezekano wa kuanguka mara ukubwa wa madhara, na jibu likivuka mstari, sakafu inalainika.

Ukitembea peku juu ya sakafu iliyo hai unahisi vuguvugu kwenye nyayo, na ukikanyaga kwa nguvu inakubali kidogo. Nilitembea hivyo kutoka langoni hadi kwenye jabali. Kisha vuguvugu likakatika. Nilikanyaga kwa kisigino na maumivu yakanipanda hadi gotini.

Wakaguzi wa viwanja hubeba mfuko wa mchanga wa kilo tano. Unauinua hadi kifuani, unauachia, na sakafu iliyo hai inaumeza bila sauti. Niliuachia pale kwenye kona. Ulilia pwaa, ukapasuka.

"Shikamoo, mama."

Nyuma yangu alisimama Ng'washi na fagio lake. Ng'washi alikuwa fundi wa kuchomelea, mwanamke wa miaka thelathini na kitu, mabega mapana. Yeye ndiye aliyekuwa kiongozi wa waskeiti pale. Kila asubuhi kabla ya kwenda kwenye karakana yake aliwakusanya wenzake wakafagia kiwanja kizima, kwa sababu jiwe dogo kama punje ya mchele linatosha kulisimamisha gurudumu na kumrusha mtu.

"Marahaba. Kona hii imekufa lini?"

Alilitazama fagio. "Huu mwaka wa tatu."

"Na mimi nilikuwa wapi?"

"Ulikuwa kwenye kishikwambi, mama."

Nilitaka kumfokea, lakini alikuwa amesema kweli. Sakafu iliyokufa haihesabu mtu aliyeanguka, na mimi niliusoma ukimya wake kama usalama. Kwa miaka mitatu kona hii ilikuwa ndiyo salama kuliko zote kwenye ripoti zangu. Niliwahi hata kuipigia mfano kwenye mkutano, mbele ya watu, huku nimevaa kitenge kipya.

"Imeuawa na nini?"

"Maji."

"Maji gani?"

"Maji ya Kanuni ya Kwanza." Akaitaja kwa moyo, kama mtoto anayejibu darasani: "Sakafu ifagiliwe na kumwagiwa maji kila asubuhi ili kuondoa vumbi na mchanga." Kisha akaendelea: "Tunamwaga ndoo kumi na mbili, tunayasukuma kwa mpira hadi kwenye mteremko. Mteremko unaishia hapa. Yakaingia kwenye kiungio cha ukuta, yakaoza nyuzi. Sisi tulifuata maandishi yako, mama, hatukuruka hata siku moja."

Kanuni thelathini na mbili nilizoandika mimi, na ya kwanza ndiyo iliyoitoboa sakafu. Katika viwanja vingine walikuwa wavivu, ndiyo maana vilipona.

"Kwa nini hamkusema?"

"Ungeifunga."

"Ndiyo, ningeifunga! Ndiyo kazi yangu!"

"Basi ndiyo maana." Akaegemeza fagio ukutani. "Hapa ndipo tunapowafundisha wageni. Mtu hapewi nafasi kwenye rampu mpaka ameanguka hapa mara kumi na mbili. Kwanza akiwa amechuchumaa, halafu akitembea, halafu juu ya skeiti iliyosimama, halafu inayokwenda. Mbele, ubavuni, nyuma. Tunapaita darasani."

Nilihisi damu ikinipanda kichwani. Watoto wa watu, kwenye sakafu ngumu, chini ya kibao changu, kwa siri. Nikakifungua kishikwambi na kukitafuta kile kitufe chekundu kilichoandikwa FUNGA, ambacho sikuwahi kukigusa tangu kiwekwe. Ukikibonyeza, lango linajifunga, na Kamati ya Viwanja inapata taarifa kabla hujashusha pumzi.

Ng'washi hakunizuia. "Bonyeza, ni haki yako. Ila nakuomba jambo moja, mama. Kwanza nenda wodi ya mifupa ukamwone Sista Evodia. Waulize wale waliolazwa walivunjikia wapi."

*

Sista Evodia alikuwa mwanamke mfupi mwenye sauti ya mtu aliyezoea kuamrisha watu wazima wageuke. Alinipokea mlangoni, akanitazama juu hadi chini, akasema, "Kumbe Mama Siku ana miguu. Nilikuandikia barua mbili."

"Sikuzipata."

"Ulinijibu. Zote mbili." Akatoa simu yake, akanisomea: "'Asante kwa taarifa yako. Matukio yaliyotokea nje ya uzio hayahusiki.'"

Yalikuwa maneno yangu. Niliyaandika mwanzoni kabisa ili mashine iwajibu watu wanaolalamika juu ya bodaboda zilizoegeshwa langoni, nikayasahau.

Akanipitisha kitandani hadi kitandani. Wodi ilikuwa na vijana kumi na mmoja wenye hogo za plasta ngumu mikononi, na karibu hogo zote zilikuwa kwenye kiwiko au kiganja. Mmoja aliteleza bafuni. Mwingine alikosa ngazi moja sokoni. Binti mwingine, mchezaji bora wa kiwanja cha upande wa pili wa mji, mtu niliyemvisha medali kwa mikono yangu, alijikwaa kwenye kizingiti cha kwao akiwa amebeba sahani ya wali.

"Hebu nionyeshe ulivyoanguka," nikamwambia.

Akainua mikono yote miwili, ule mzima na ule wenye hogo, akainyoosha mbele, viganja wazi, kifua wazi. Alikuwa kama mtoto anayemkimbilia mama yake.

"Wote wako hivyo," Sista Evodia akasema. "Wanaiendea ardhi kama inawapenda. Nimefanya kazi hapa miaka kumi na tisa. Zamani vijana wa skeiti niliwapata na michubuko, na mfupa mara mojamoja. Siku hizi wanakuja na mifupa iliyovunjika vipande vitatu, na hawakuwa hata kwenye skeiti."

"Kutoka viwanja vipi?"

"Vile viwili vingine vya mji huu vyenye sakafu yako. Wa Mawe Matatu ndio siwaoni. Nilidhani hawaendi sokoni."

Nilikaa kwenye benchi la korido. Niliona aibu, na nitaitaja kwa jina lake, kwa sababu nimechoka na wakaguzi wanaosema "tulibaini mapungufu". Niliona aibu mpaka masikio yakawaka moto. Nilikuwa nimehesabu siku 1,461 za uzio. Watoto wenyewe sikuwa nimewahesabu hata siku moja.

Na bado, nikiwa nimekaa pale, jambo halikuwa jepesi. Nisipoifunga kona, naruhusu mtoto aumie nikiwa najua. Nikiifunga, wataumia mahali nisipowaona, na kibao changu kitaendelea kupanda. Mkaguzi gani anachagua la kwanza? Na mtu gani analala usingizi akichagua la pili?

*

Sikubonyeza kitufe chekundu. Sikudanganya pia, na hilo naomba lieleweke. Kuna Kanuni ya Kumi na Tisa, ambayo niliiandika bila kuamini kwamba itatumika: mkaguzi akigundua kasoro anaweza kuifunga sehemu hiyo tu kwa siku arobaini, mradi aiandikie Kamati ukweli wote siku hiyohiyo na alete pendekezo la kuidhibiti. Niliandika ukweli wote, pamoja na Kanuni ya Kwanza na ndoo zake kumi na mbili. Nikaizungushia kona utepe wa njano. Kuingia waliruhusiwa watu wawili tu, mkaguzi na fundi wake.

Kwenye karatasi, fundi aliitwa Ng'washi.

"Unataka nifanye nini humo ndani, mama?" aliniuliza.

"Nifundishe kuanguka."

Alicheka mpaka akashika ukuta. Kisha akaniona sicheki.

"Una miaka mingapi?"

"Hamsini na saba, na nyonga ya kushoto inagoma asubuhi. Siwezi kuiambia Kamati kitu ambacho mwili wangu haukijui. Tunaanza lini?"

Tulianza jioni ileile baada ya kazi yake. Nikavaa helmeti, vikinga vya viganja na vya magoti, nikafanana na kobe aliyevishwa na mjukuu. Ng'washi alisimama mbele yangu na sheria zake tatu, ambazo alizirudia mpaka nikaziota: kidevu kifuani, mikono ndani, geukia bega. Kidevu kikiwa kifuani, kisogo hakigusi chini. Mikono ikiwa ndani, kiganja hakibebi mwili mzima. Ukigeukia bega, unabingirika, na pigo linagawanyika kuanzia begani hadi kiunoni badala ya kukaa kwenye mfupa mmoja.

Mimi mhandisi, niliyelipwa kuandika jinsi sakafu inavyogawanya pigo, nilikuwa sijui kwamba mgongo wa binadamu unaifanya kazi hiyohiyo.

Wiki ya kwanza nilianguka nikiwa nimechuchumaa, na kila mara mikono yangu ilichomoka mbele yenyewe. "Mikono, mama!" Ng'washi alipiga kelele. "Unamsalimia nani huko chini?" Wiki ya pili mume wangu aliiona michubuko yangu, akaniuliza kwa upole kama kuna mtu ananipiga kazini. Nikamwambia ndiyo, ardhi. Wiki ya tatu nikajikwaa kwenye mkeka wa sebuleni, na kabla sijafikiri chochote nikajikuta nimebingirika hadi chini ya meza, mzima, kidevu kifuani. Nililala pale chini ya meza nikicheka peke yangu. Mume wangu akaniambia sasa ana uhakika kuna tatizo.

Asubuhi niliandika pendekezo. Bakuli kubwa lenye kina cha mita tatu libaki laini kabisa, kwa sababu kuanguka humo kwenye sakafu ngumu kunaua, na kifo si somo. Rampu zilainike kwa viwango, mgeni apewe ulaini wote, na kila anapofuzu anguko sakafu impunguzie sehemu ya kumi. Kona ya kaskazini ibaki ngumu kwa makusudi, kila mtu akijua. Iwe na lango moja, aingie mtu mmoja kwa wakati mmoja, na benchi lililoziba mwonekano karibu na jabali liondolewe. Helmeti na vikinga viwe lazima, na mfereji ujengwe ili maji ya asubuhi yatoke nje. Kwa kuwa kona haisikii, kila anguko liandikwe kwa mkono na watu wawili, mmoja akiona na mwingine akihakiki.

Nililisoma pendekezo mara nyingi, na kila niliposoma nilifika kwenye sentensi moja na kusimama: "Inatarajiwa kwamba baadhi ya watumiaji wataumia." Katika maisha yangu yote ya kazi sikuwahi kuiandika. Nilijaribu kuifuta mara mbili. Mara zote mbili niliirudisha.

*

Kamati ilikuja siku ya thelathini na nane, saa tisa alasiri, watu saba chini ya turubai. Mwenyekiti alikuwa Mheshimiwa Lugoye, mzee mrefu, mwalimu mstaafu, mwenye suti ya kijivu na viatu vilivyong'aa kuliko vyuma vya kutelezea. Nyuma ya uzio walisimama waskeiti wote, skeiti mikononi, na wazazi wao. Sista Evodia naye alikuja, na sare yake.

Nilieleza. Nilionyesha michoro. Sista Evodia alisimama akasoma hesabu ya hogo zake, kiwanja kwa kiwanja, na alipofika Mawe Matatu akasema "hakuna" kwa sauti ya kusikika hadi barabarani.

Mheshimiwa Lugoye alinisikiliza mpaka mwisho bila kunikatiza. Kisha akavua miwani.

"Mama Nyamizi, mimi nimekuelewa. Lakini zamani, kabla ya sakafu yako, nilikuwa na mwanafunzi anaitwa Holo. Alianguka kwenye bakuli la kiwanja cha zege, akagonga kisogo. Nililibeba jeneza lake begani kwangu. Ulipoleta sakafu hii nilikuwa wa kwanza kukupigia makofi, nadhani unakumbuka. Sasa unaniambia nirudishe zege?"

Nilikuwa nimejiandaa kubishana na mtu mbishi, na aliyekaa mbele yangu alikuwa mtu mwenye uchungu. Machozi yalinilenga.

"Nakumbuka, Mheshimiwa," nikasema. "Ndiyo maana bakuli sijaligusa. Holo hangekufa katika pendekezo hili. Lakini Holo hakufundishwa na mtu kuweka kidevu kifuani. Na wa leo hawafundishwi pia, kwa sababu mimi niliwaondolea sababu ya kujifunza."

"Na mtoto akiumia kwenye kona hiyo, atawajibika nani?"

"Mimi."

"Maneno hayo ni mepesi."

"Basi niruhusu niyaongezee uzito."

Nikavaa helmeti. Minong'ono ikapita nyuma ya uzio. Ng'washi akaniletea skeiti yake mwenyewe, ile yenye nyufa na stika ya karakana yake, akaniinamia sikioni: "Mama, hatujawahi kufanya na rampu."

"Leo tunafanya."

Kwenye kona kuna rampu moja fupi, juu yake kama kimo cha kifua. Nilipanda, nikaweka mguu wa nyuma, halafu wa mbele. Chini yangu hakukuwa na kitu kinachosikia. Hakuna uzi hata mmoja uliokuwa ukinihesabia. Niliogopa kweli, na nikamfikiria mume wangu, kwamba angeniambia nishuke.

Nikaegemea mbele.

Magurudumu yalinguruma. Kwa mita nne nilikuwa nakwenda, jamani, nilikuwa nakwenda, upepo uko masikioni, mwanamke wa miaka hamsini na saba! Kisha skeiti ikapinda kushoto nami nikaendelea kulia. Kidevu kikaenda kifuani chenyewe. Mikono ikaingia ndani. Bega likagusa, mgongo ukafuata, kiuno kikafuata, dunia ikageuka mara moja na nusu, na nikajikuta nimekaa, uso kwa uso na jabali, nahema.

Waskeiti walipiga yowe. Nikasimama, nikainua mkono kuwapungia, na ndipo nikakiona kidole changu kidogo cha kushoto. Kilikuwa kinaelekea upande ambao vidole haviendi.

Sista Evodia alikuwa tayari ameruka utepe. Akakishika, akakitazama, akasema kwa sauti ya chini, "Kimevunjika, mama."

Mheshimiwa Lugoye naye alikuwa amekuja hadi kwenye utepe. Alikitazama kidole, akatazama langoni, akatazama tena kidole. Aliponisogelea alizungumza polepole, na kwa wema, hilo siwezi kumnyima.

"Mama Nyamizi, umenigusa moyo. Anguko lile nimeliona. Kifua changu kinaniambia nikupe hii ruhusa. Lakini kibao kile kikisoma sifuri leo, mbele ya wajumbe hawa, pendekezo lako limekufa. Ni kidole kidogo tu. Sista ataweza kukifunga nyumbani kwake. Sisi hatukuona kitu."

Ng'washi alikuwa karibu, alisikia. "Mama," akasema, "sisi hatutasema. Tunajua kunyamaza."

Wote walinipenda wakati ule, na wote walikuwa wananipa kitu kilekile kilichoniangusha. Ningeweza kukipokea. Kiwanja kingebaki wazi, kona ingeruhusiwa, siku zingeendelea kuhesabiwa, elfu moja mia tano, elfu mbili. Niliitaka ile namba, sitajifanya mtakatifu. Nilitaka niikute kesho asubuhi kabla ya chai.

"Mheshimiwa," nikasema, na nikapandisha sauti ili hata wa nyuma ya uzio wasikie, "kona hii ilinyamaza miaka mitatu, na mimi nikaiita salama. Sasa mnataka ninyamaze mimi. Nimevunjika kidole hapa, leo, nikiwa nimefundishwa na nikiwa nimevaa vikinga. Bila mafunzo hayo ningekuwa nimevunjika mkono au shingo. Yote mawili ni kweli, na yote mawili yataandikwa. Ng'washi, nenda langoni. Andika sifuri."

Hakusogea.

"Mwanangu, andika sifuri."

Akaenda. Alipanda kwenye ngazi ya chuma aliyoichomelea mwenyewe, akazitoa namba moja moja: nane, tisa, nne, moja. Kilibaki kibao cheupe. Kisha akaitundika sifuri katikati, ikaning'inia ikicheza kidogo na upepo. Na mimi niliyedhani kwamba siku hiyo ingeniua, nilihisi mabega yangu yameshuka kama mtu aliyetua ndoo.

Sauti ilianza nyuma ya uzio. Waskeiti huwa hawapigi makofi. Wakimheshimu mtu wanaligonga zege kwa mkia wa skeiti. Aligonga mmoja, kisha wawili, kisha mia mbili kwa pamoja, wazazi wakapiga vigelegele, na zile sakafu zote zilizo hai zikatetemeka kutoka langoni hadi kwenye bakuli. Nililia mbele za watu bila haya, huku Sista Evodia ananifunga kidole na kuniambia nitulie.

Mheshimiwa Lugoye alisubiri mpaka kelele zikapungua. Alirudi chini ya turubai, akazungumza na wajumbe wake sita, vichwa vimekaribiana. Wawili walitikisa vichwa kukataa. Wanne hawakutikisa. Alipogeuka alikuwa ameshika karatasi.

"Kwa miaka minne nimezisoma namba za mama huyu na nikaziamini kwa sababu zilikuwa nzuri," alisema. "Leo nimemwona akijiandikia baya lake mwenyewe mbele yangu, wakati nilikuwa nimempa njia ya kulikwepa, na nawaomba radhi kwa njia ile. Mtu wa namna hiyo akiniambia kona ni ngumu lakini inadhibitika, nitamwamini. Wajumbe wanne wamekubali, wawili wamekataa, na mimi nimekubali. Kona inaruhusiwa. Viwanja vingine viwili vya mji vijenge kona zao kabla ya masika."

Yowe lililopanda pale sijawahi kulisikia tena. Ng'washi alininyanyua juu, na nyonga yangu na kidole changu na kila kitu.

"Sijamaliza!" Mheshimiwa Lugoye alipaza sauti ya ualimu, na kweli watu wakanyamaza. "Naongeza sharti moja. Yeyote atakayeweka saini kwenye karatasi ya kona hii, mkaguzi au mjumbe, aanguke kwanza humo ndani. Asisaini kitu ambacho mgongo wake haukijui."

Wajumbe wakatazamana. Mmoja akaanza kukunja miguu ya kiti chake polepole.

Lakini karatasi ilihitaji saini siku ileile, na saini ya kwanza ilikuwa ya mwenyekiti. Nadhani alikuwa amelijua hilo kabla hajafungua mdomo. Mheshimiwa Lugoye alivua koti la kijivu, akamkabidhi Sista Evodia. Akaketi kwenye benchi, akafungua kamba za vile viatu vinavyong'aa, akavipanga kando, soksi ndani. Kisha akaja peku, kwa hatua ndefu, kutoka kwenye vuguvugu hadi kwenye baridi. Nilimwona usoni alipoufikia mstari ule. Alisimama, akakanyaga kisigino, akatikisa kichwa.

"Kweli haisikii," alisema.

"Haisikii, Mheshimiwa," nikamjibu.

Ng'washi alimvisha helmeti, akaifunga chini ya kidevu kwa uangalifu kama anamfungia baba yake. Akamwambia achuchumae. Nyuma ya uzio watu mia mbili walishikilia pumzi, skeiti zimeinuliwa tayari, na juu ya lango sifuri yangu ilicheza na upepo.

"Kidevu kifuani, mzee wangu," Ng'washi akasema. "Mikono ndani."